Joto la Zuhura halitokani na ukaribu wake na Jua

Katika darasa la fizikia ninalofundisha hapa Dodoma, kila tunapofika kwenye mada ya mfumo wa Jua nauliza kwa nini Zuhura ndiyo sayari yenye joto kali kuliko zote, na kila mara najibiwa kwa sauti moja kwamba iko karibu na Jua. Jibu hilohilo nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu na kwa vijana waliokwisha kufaulu mtihani wa taifa. Si sahihi, na ni lazima liachwe, kwa sababu anayeliamini hawezi kuelewa hata joto la Dunia yake mwenyewe.

Kama ukaribu ungetosha, Utaridi, iliyo umbali wa takribani kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua, ingeishinda Zuhura iliyo umbali wa kilomita milioni 108. Sivyo ilivyo. Uso wa Utaridi hufikia nyuzi 430 za Selsiasi mchana na kushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri usiku, ilhali nyanda za Zuhura hubaki karibu na nyuzi 465 mchana na usiku, kwenye ikweta na kwenye ncha zake, ingawa usiku mmoja wa huko hudumu kama siku 58 za Dunia. Anayeshikilia hoja ya ukaribu anapaswa kueleza joto la usiku huo mrefu linatoka wapi wakati Jua liko upande wa pili.

Kuna hesabu ambayo huwa nawataka wanafunzi waifanye wenyewe kwenye daftari. Tuseme mwanga unaoifikia Dunia ni sehemu 100. Dunia hurudisha angani takribani 30 na kubaki na 70. Zuhura, kwa kuwa iko karibu zaidi, hufikiwa na sehemu zipatazo 190, lakini mawingu yake mazito ya asidi ya salfuriki hurudisha robo tatu ya mwanga huo, hivyo kinachobaki hakifiki 50. Maana yake ni kwamba Zuhura hupokea na kubaki na nishati ndogo ya Jua kuliko Dunia, na kama isingekuwa na kitu cha kuzuia nishati hiyo isitoroke, wastani wa joto lake ungekuwa takribani nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kizuizi hicho ni angahewa yake, ambayo zaidi ya asilimia 96 ni kaboni dioksidi, nayo ni nzito kiasi kwamba kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, juu ya ardhi ni takribani mara 92 ya ile tunayoipata kwenye usawa wa bahari. Mwanga kidogo unaopenya mawingu huipasha ardhi, ardhi hutoa mionzi ya joto, na gesi hiyo huinasa na kuirudisha chini tena na tena, mpaka uso unapokuwa na joto la kutosha kuyeyusha risasi. Sisi wa Dodoma hatuna sababu ya kushindwa kulielewa jambo hili. Usiku wa Julai, anga likiwa kavu na halina wingu, joto la mchana hutoroka haraka na tunatafuta masweta, lakini usiku wenye mawingu na unyevu wa masika huwa na fukuto, kwa sababu mvuke wa maji nao hunasa mionzi hiyo. Dunia pia ina kaboni nyingi sana, ila sehemu yake kubwa imefungwa ndani ya miamba ya chokaa. Ya Zuhura imebaki hewani.

Mengine hayahitaji nafasi kubwa. Wanaoiita pacha wa Dunia wako sahihi kwa ukubwa tu: kipenyo chake ni takribani kilomita 12,100, na uzito wa kitu huko ni karibu asilimia 90 ya uzito wake hapa. Chombo cha Kisovieti Venera 13, kilichotua mwaka 1982, kilidumu dakika 127 tu, na huo ulihesabiwa kuwa ufanisi mkubwa. Mvua ya asidi ipo mawinguni, lakini hukauka kabla ya kufika chini. Kauli kwamba siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake ni kweli nusu: hujizungusha mara moja kwa siku 243 na kulizunguka Jua kwa siku 225, lakini kwa kuwa hujizungusha kinyume na Dunia, macheo moja hadi mengine ni siku 117, na Jua huchomoza magharibi.

Kuhusu wanaosema ng'andu, yaani Zuhura hiyohiyo, ya asubuhi na ile ya jioni ni nyota mbili tofauti, ushauri wangu ni uleule: azimeni darubini ndogo, subirini Jua lizame kabisa, kisha itazameni kwa wiki kadhaa mfululizo, kama Galileo alivyofanya mwaka 1610. Mtaiona ikibadilika umbo kama Mwezi, ikiwa ndogo na karibu kamili inapokuwa mbali nasi, na kubwa yenye umbo la hilali inapotukaribia, jambo lisilowezekana kwa nyota inayojitolea mwanga wake.