Asiyejua hajioni bingwa kuliko bingwa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, kuanzia Wete hadi Makunduchi, ukidai sayansi imethibitisha kuwa mjinga hujiona mjuzi kuliko mjuzi mwenyewe. Huja na mchoro wa kilima, unaomweka mwenye ujuzi mdogo kileleni kwa kujiamini. Dai hilo si kweli.

Utafiti unaotajwa ni wa Marekani, ulichapishwa 1999. Waliofanya vibaya kwenye majaribio kweli walijikweza mno: wako mkiani, wakajikadiria juu ya wastani. Lakini hata hivyo hawakujiweka juu ya waliofaulu, ambao wao walijipunja. Na kilima kile hakimo kabisa.

Sehemu ya tofauti hiyo ni hesabu tu: aliye mkiani akikosea kujikadiria, atakosea kwa kupanda tu, wa kwanza atakosea kwa kushuka. Mwalimu wa skuli yoyote anaweza kujaribu. Kabla ya kurudisha madaftari ya jaribio, kila mwanafunzi aandike pembeni alama anazozitarajia, kisha walinganishe.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mara nyingi hutumwa kama kijembe, na humchoma zaidi yule ambaye tayari anajidharau, si aliyekusudiwa.