Kabla ya kukabidhi madawati

Fungua gazeti lolote nchini, hukosi picha ya meneja na mkuu wa wilaya wameshika mfano wa hundi. Wengi wanaamini hiyo ndiyo CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii. Mimi nashauri kampuni kuhusu mipango hiyo, na picha ndiyo naiangalia mwisho.

Mjadala wa kama kampuni ina wajibu huo ni wa siku nyingi. Mwaka 1953 mchumi wa Marekani Howard Bowen aliandika kwamba maamuzi ya wafanyabiashara wakubwa yanagusa maisha ya watu wengi, hivyo wazingatie malengo ya jamii. Mwaka 1970 mchumi mwenzake Milton Friedman akapinga: wajibu wa kampuni ni kuongeza faida, mradi isivunje kanuni. Wengi humchukulia kama mtu asiye na huruma, lakini hoja yake kwamba meneja anagawa fedha zisizo zake si ya kupuuzwa.

India iliamua kwa sheria mwaka 2013: kampuni kubwa zitumie kwa CSR angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Sisi Tanzania tulianzia kwenye madini. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kifungu cha 105, yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa CSR unaokubaliwa na halmashauri, kwa kushauriana na mawaziri wa serikali za mitaa na fedha. Halmashauri ndiyo inayoandaa mwongozo na kusimamia utekelezaji.

Kwenye vikao ndipo pagumu. Diwani anataka zahanati katani kwake, mgodi unataka jengo litakaloisha kabla ya mwaka wa fedha, na mara nyingi hakuna anayeuliza mganga na dawa vitatoka bajeti ipi. Tena wapo wanaohesabu ushuru wa huduma kama CSR. Ule ni tozo ya halmashauri inayokatwa kwenye mauzo, upate faida usipate. Ungelipa hata kama usingejenga choo kimoja.

Ndiyo maana kampuni ikiniletea orodha ya madawati, naomba kwanza daftari la wazabuni. Mama lishe anayepika chakula cha vibarua akidai malipo ya miezi minne, nawaambia wamlipe kwanza, halafu turudi kwenye madawati.