Jeki: chombo kilichopewa jina la kijana wa kazi

Jeki ni chombo cha kuinulia kitu kizito kwa kukisukuma kutoka chini. Hapo ndipo inapoachana na winchi, ambayo huvuta mzigo kwa kamba au waya. Lori likipata pancha, utingo huiweka jeki chini ya ekseli, akapampu au akazungusha, na punde tairi linaachana na lami. Mtu mmoja ameinua lori.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Katika jeki ya parafujo, ukizungusha mpini mzunguko mzima, hesi inapanda kidogo sana. Safari ndefu ya mkono imegeuzwa kuwa safari fupi yenye nguvu nyingi. Jeki ya oili, ile fupi nene yenye umbo la chupa, inafanya hesabu hiyohiyo kwa njia nyingine. Ndani yake mna pistoni mbili, nyembamba na nene, na oili kati yake. Kama uso wa ile nene ni mkubwa mara 20, ukiikandamiza nyembamba kwa kilo 10, nene itabeba kilo 200. Lakini ukiishusha nyembamba sentimita 20, nene itapanda sentimita 1 tu, ndiyo maana mtu hupampu mpaka jasho limtoke. Kanuni hii ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na mwaka 1851 Richard Dudgeon, fundi wa New York, akapata hataza ya jeki ya kubebeka inayoitumia.

Neno lenyewe tumelitoa katika Kiingereza, jack, nalo likapita njia waliyopita wenzake: bank ikawa benki, back wa uwanjani akawa beki, flat ikawa fleti. Sauti ya katikati ikageuka e, na mwishoni ikaongezwa irabu ili neno litamkike kwetu.

Kwa Waingereza, Jack lilikuwa kwanza jina la mtu, namna ya kumwita John kwa mazoea, yaani Yohana. Lilienea mno hata likawa jina la kumwitia kijana yeyote wa kazi, hasa yule ambaye hakuna aliyejisumbua kuuliza jina lake halisi. Mkata magogo akaitwa hivyo, baharia wa kawaida naye vivyo hivyo. Kisha vikaja vyombo vilivyofanya kazi za vijana hao. Kifaa cha kuzungushia nyama juu ya moto, kazi iliyokuwa ya mtoto wa jikoni, kikaitwa jack. Kibao cha kuvulia buti nacho kikapewa jina hilo. Mtambo wa kuinulia mizigo ukaingia katika ukoo huohuo. Kwa hiyo utingo anapoikamata jeki, kijana wa kazi amemkamata kijana mwenzake.

Wengine waliona wanyama. Wahispania huiita jeki gato, yaani paka, na Wareno huiita macaco, kima. Hata jina la Kiingereza la kreni ni la ndege, korongo, kwa ajili ya ile shingo ndefu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kile Kiswahili kilichofanya baada ya kulipokea neno. Kama tulivyo na kupiga pasi na kupiga randa, tukapata kupiga jeki, na maana ikatoka gereji ikaingia katika maisha. Fungua magazeti ya Kenya utakuta uchumi umepigwa jeki, kampeni imepigwa jeki, timu imepigwa jeki na kurejea kwa mshambuliaji wake. Maana yake ni kuinuliwa kwa msaada wa mwingine. Jina la msaidizi limerudi kuwa neno la kusaidia, bila yeyote kukusudia.

Ila waandishi siku hizi wanalitumia kwa ongezeko la aina yoyote, nami naona hapo linapoteza ladha. Jeki haibebi gari siku zote. Hata fundi haingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, huweka stendi au magogo kwanza. Mama muuza mboga aliyekwama, akakopeshwa mtaji wa kununulia mzigo wa wiki moja, kisha akaendelea mwenyewe, huyo amepigwa jeki. Anayelipiwa kodi ya kibanda kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, anabebwa.