"Status=sent" si kufika: dhana potofu kuhusu seva ya barua pepe ya Unix

Aliyepiga simu ni mhasibu wa shule moja ambayo seva yake ya barua pepe naitunza mimi. "Kaka, ankara za ada nimezituma tangu Jumatatu, wazazi wanasema hawajaona kitu." Nikaingia kwenye seva, inayoendeshwa na programu ya barua ya Postfix, nikafungua logi yake, `/var/log/mail.log`, nikatafuta anwani ya mzazi mmoja. Mstari uliishia na `status=sent`. Wasimamizi wengi wa seva wangeishia hapo: barua imefika, mzazi hajaangalia vizuri. Dhana hiyo ndiyo mama wa nyingine zote nitakazozitaja.

Dhana: logi ikisema "sent", barua imemfikia mwenyewe

Neno hilo lina maana moja tu: seva ya upande wa pili imejibu kwa namba 250, yaani imeipokea barua pamoja na dhamana yake. Ukipeleka mzigo ofisi ya basi Dar es Salaam uende Mwanza, unapewa risiti. Risiti inathibitisha kuwa karani ameupokea, haithibitishi kwamba shangazi ameshaufungua. Baada ya ile 250, seva ya mpokeaji inaweza kuiweka barua kwenye kikasha, kuitupa kwenye folda ya barua taka, au kuizuia kimya kimya, na wewe hutaona lolote kwenye logi yako.

SMTP, itifaki ya kusafirisha barua pepe, imejengwa juu ya makabidhiano hayo tangu 1982. Katika kila hatua kuna mmoja aliyeshika dhamana ya barua. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi si "Postfix ina nini?" bali "barua hii iko mikononi mwa nani sasa?" Chukua namba ya foleni, ile ya herufi na tarakimu inayoanza kila mstari unaoihusu barua, uipitishe kwenye logi kwa `grep`. Utaona nani aliileta, ilipita wapi, ilikabidhiwa kwa nani na kwa maneno gani. Naomba sana jambo hili lifanyike kabla ya mtu kugusa faili lolote la mipangilio. Nimekuta seva ambazo mipangilio yake imevurugwa kwa siku nzima, huku kosa lenyewe likiwa limeandikwa wazi kwenye logi tangu dakika ya kwanza.

Dhana: barua iliyokwama kwenye foleni inahitaji kusukumwa

Majibu yanayoanza na 4 maana yake ni "rudi baadaye", yanayoanza na 5 ni "hapana". Ukiona `deferred` (imeahirishwa), dhamana bado ni yako na Postfix itaendelea kujaribu yenyewe. Isipobadilishwa, itajaribu kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji. Seva nyingi humkatalia mgeni kwa makusudi mara ya kwanza kwa jibu la 450, zikijua kuwa seva halali itarudi na programu nyingi za barua taka hazitarudi. Anayekimbilia `postqueue -f` kila dakika mbili haharakishi kitu. Anaigongea mlango seva ileile iliyomwomba asubiri, na sifa yake huko inashuka. Soma sababu iliyoandikwa kwenye mabano baada ya neno `deferred`. Ikiwa ni `Connection timed out` kwa kila seva unayoiandikia, acha kabisa kushuku Postfix: kampuni nyingi za wingu, zikiwemo AWS na Google Cloud, zinafunga poti 25, njia ya barua kati ya seva na seva, kwa barua zinazotoka kwa mteja mpya. Hapo utaomba ifunguliwe, na wasipokubali utapitisha barua kwa mtoa huduma mwingine kupitia poti 587.

Dhana: kosa liko kwenye main.cf

Mara nyingi haliko kwenye faili hilo kuu la mipangilio ya Postfix. Liko kwenye DNS, mfumo wa majina ya mtandao, na huko ndiko ningependa tukae kidogo.

Anza na rekodi ya PTR, inayogeuza anwani ya IP kuwa jina. Watu huiandika kwenye kikoa chao wenyewe, kisha wanashangaa kwa nini haionekani. PTR ni mali ya mwenye anwani ya IP, yaani kampuni iliyokukodisha seva, na inabadilishwa kwenye paneli yao au kwa kuwaandikia. Jina linalotokana na IP lazima nalo lirudi kwenye IP hiyohiyo. Jaribu kwa `dig -x`, kisha uliza jina lililotoka. Tangu Februari 2024 Google inadai hilo kwa kila anayeiandikia Gmail, pamoja na SPF (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (saini ya kidijitali juu ya barua). Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku anadaiwa SPF na DKIM zote mbili, na DMARC juu yake, nitaieleza punde.

SPF nayo inaeleweka vibaya. Wengi wanaamini inalinda jina analoliona msomaji kwenye "Kutoka". Hailiangalii kabisa. Inakagua anwani ya bahasha, ile inayoonekana baadaye kama Return-Path, na hizo mbili zinaweza kuwa tofauti kabisa. DMARC ndiyo inayouliza kama kikoa kwenye "Kutoka" kinalingana na kikoa kilichopita kwenye SPF au kwenye saini ya DKIM. Kwa hiyo mtu anaweza kujivunia `spf=pass` huku DMARC yake ikianguka kila siku.

Kuna makosa mengine mawili ninayokutana nayo kila mara. La kwanza ni rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja, ya zamani na ile iliyoongezwa na aliyeweka huduma ya majarida. Zikiwa mbili, zote hazifai kitu. Ziunganishe ziwe moja. La pili ni kurundika `include`, agizo la kusoma rekodi ya SPF ya kikoa kingine, juu ya `include` hadi ukaguzi uvuke ukomo wa maulizo 10 ya DNS, ambapo rekodi nzima inahesabiwa kuwa mbovu. Kwa DKIM, ufunguo wa biti 2048 unaowekwa kwenye DNS hautoshi kwenye kipande kimoja cha herufi 255, kwa hiyo lazima ukatwe vipande ndani ya rekodi moja. Paneli nyingine hukata zenyewe, nyingine hukata herufi za mwisho bila kusema neno.

Dhana: rilei ya wazi ni ugonjwa wa zamani

Kweli, zamani ilikuwa desturi seva kupokea barua ya yeyote na kuipeleka popote. Sendmail, programu kongwe ya barua ya Unix, iliacha kufanya hivyo kwa mipangilio yake ya kawaida kuanzia toleo la 8.9, mwaka 1998. Postfix ya leo, ukiiacha ilivyo, haitakubali pia. Lakini wanaoifungua ni sisi wenyewe, kwa mstari mmoja: `mynetworks`.

Orodha hiyo inataja anwani zinazoaminiwa kutuma bila nenosiri. Mtu akichoka na jibu la `Relay access denied`, anaongeza mtandao mzima ili programu yake ipite, na kilio kinakwisha. Kimekwisha kwa sababu mlango umeondolewa. Matoleo ya Postfix kabla ya 3.0 yaliamini hata mtandao-jirani wote yenyewe, jambo la hatari kwenye seva ya kukodi ambako majirani zako ni wageni. Siku hizi mtego mkubwa uko kwenye Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya makontena. Katika baadhi ya mipangilio, kila anayekuja kutoka nje huonekana na Postfix kama anwani ya ndani, mfano 172.17.0.1. Ukiwa umeandika 172.16.0.0/12, inayoijumuisha anwani hiyo, kwenye `mynetworks`, umeifanya dunia nzima kuwa ya nyumbani.

Tena, wengi huipima rilei wakiwa ndani ya seva yenyewe. Kipimo hicho hakina maana, kwani 127.0.0.1, yaani seva yenyewe, kwa kawaida inaaminiwa. Pima ukiwa nje, kwa mtandao mwingine kabisa, ukitumia anwani ya mtumaji na ya mpokeaji ambazo zote si zako. Unachotaka kukiona ni `Relay access denied`, kwa namba 554 au 454 kulingana na mipangilio.

Dhana: fail2ban imewashwa, kwa hiyo nywila ziko salama

Seva nyingi zinazotapika barua taka leo hazijavunjwa na mtu. Mwizi ameingia kwa nenosiri halali la mfanyakazi, lile alilolitumia pia kwenye tovuti nyingine iliyoibiwa data. fail2ban, programu inayomfungia anayekosea nenosiri mara nyingi, inahesabu makosa kwa kila anwani ya IP. Mwizi mwenye mashine elfu anajaribu mara moja kutoka kila moja, na hagusi ukomo. Vikomo vya kasi vilivyomo ndani ya Postfix navyo vinahesabu kwa anwani ya mteja, si kwa jina la mtumiaji. Iache fail2ban, ina faida yake, lakini usiilalie.

Dalili zinajulikana. `mailq`, orodha ya foleni, iliyokuwa na barua tatu ina elfu kadhaa. Kwenye logi, `sasl_username=` moja, jina la mtumiaji aliyeingia, inajirudia kutoka nchi nyingi. Badilisha nenosiri la mtumiaji huyo, na usiishie hapo: aliyekwisha kuunganishwa anaweza kuendelea kutuma hadi muunganisho wake ukatwe. Anzisha upya Postfix, tumia `doveadm kick` kwa waliomo kwenye Dovecot, programu ya kusomea vikasha, ndipo ufute barua zake kwenye foleni. Kisha ondoa uthibitishaji kwenye poti 25 ubaki kwenye 587 na 465 peke yake, na uweke `smtpd_tls_auth_only = yes` ili nenosiri lisipite wazi. Ikiwa mtumaji ni `www-data`, mtumiaji wa seva ya tovuti, usihangaike na nywila. Hapo kuna fomu ya tovuti au programu ya PHP iliyoingiliwa, na huko ndiko pa kutafuta.

Dhana: tuna TLS, hakuna anayesoma barua zetu

TLS, usimbaji wa mawasiliano, inalinda safari kati ya seva moja na nyingine, hatua moja moja. Kwenye diski ya kila seva barua inalala wazi. Hata safari yenyewe, kwenye poti 25, husimbwa pale tu pande zote mbili zinapokubali, na aliyekaa katikati anaweza kuifuta ile ahadi ya STARTTLS, tangazo la seva kuwa iko tayari kusimba. MTA-STS na DANE ziliundwa kuziba pengo hilo. Wapo wanaolijibu kwa kulazimisha TLS kwa kila anayewaandikia, na barua halali kutoka seva kongwe zinapotea. Kwa poti 25 ya kupokelea, `may`, yaani TLS kwa hiari, ndiyo sahihi. Kuhusu vyeti vya Let's Encrypt, vile vya siku 90, kuhuishwa kwa faili hakutoshi: Dovecot itaendelea kuonyesha cheti cha zamani mpaka uiamuru isome upya. Unganisha amri hiyo na certbot, programu inayohuisha vyeti, leo, kabla watumiaji hawajaanza kupiga simu.

Dhana: Unix ni salama kwa asili yake

Mnamo Novemba 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, ulipita kwenye mashine za Unix, na mojawapo ya njia zake ilikuwa sendmail. Juni 2019 tundu kwenye Exim, programu nyingine ya barua, matoleo 4.87 hadi 4.91, liliwapa watu wa nje uwezo wa kuendesha amri, na seva nyingi zilishambuliwa. Desemba 2023 ikatangazwa mbinu ya kupenyeza barua ya uongo ndani ya barua halali, na Postfix ikalazimika kuongeza `smtpd_forbid_bare_newline`. Wietse Venema, mwandishi wa Postfix, aliigawa katika programu ndogondogo zenye mamlaka finyu, ili moja ikivamiwa nyingine zisianguke nayo. Huo ni ubunifu mzuri sana, lakini nao unahitaji masasisho.

Dhana: orodha nyeusi zaidi, ulinzi zaidi

Kama seva yako inatafuta majina kupitia 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google, basi Spamhaus, watunzaji wa orodha nyeusi za seva za barua taka, haitajibu maulizo yako kama ipasavyo. Inarudisha namba ya kosa, 127.255.255.254, na Postfix isiyoelekezwa huchukulia jibu lolote kuwa ni hukumu. Seva inaanza kukataa barua za kila mtu, benki na wizara zikiwemo. Weka Unbound, programu ya kutafuta majina ya DNS, kwenye seva yenyewe, na utaje majibu unayoyakubali. Vilevile achana na MX ya akiba, seva ya pili ya kupokea barua ya kwanza ikizimika, isiyojua watumiaji wako: mtumaji halali atasubiri siku kadhaa seva yako ikizimika, huku watumaji wa barua taka wakiwahi kupitia mlango huo wa nyuma.

Turudi kwa mhasibu. Barua za walimu zilikuwa na saini ya DKIM, ankara zake hazikuwa nayo. Programu ya ada ilikaa kwenye mashine nyingine ofisini, ikituma kupitia seva yangu kwa sababu niliiruhusu kwenye `mynetworks`. Lakini OpenDKIM, programu inayotia saini za DKIM, ina orodha yake yenyewe, `InternalHosts`, na mashine hiyo haikuwemo, hivyo logi iliandika `not internal` kwa kila ankara bila mimi kuisoma. Return-Path ilibeba jina la mashine, lisilo na SPF. Gmail ilipokea kila ankara kwa 250 na kuipeleka kwenye barua taka. Niliongeza anwani moja kwenye orodha, nikaisahihisha Return-Path, nikaanzisha upya OpenDKIM, nikajitumia ankara ya majaribio na kufungua vichwa vyake: `dkim=pass`, `spf=pass`, `dmarc=pass`. Mhasibu akazituma zote tena saa tisa alasiri. Kabla hajafunga ofisi, mzazi wa kwanza alikuwa ameshajibu, akiuliza kwa nini ada ya usafiri imepanda.