Mbali na kondomu: kipi cha kununua dukani, na kipi kisikudanganye

Mimi ni mfamasia, duka letu liko mjini Unguja, si mbali na Darajani. Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote ni hili: "Dokta, ukiacha mpira, kuna nini kingine cha kununua hapahapa?" Wengi wanaouliza ni wake za watu. Mume hataki kondomu, au iliwahi kupasuka ikawatia hofu, au mwenyewe inamwasha kila akiitumia.

Kabla ya yote: kama kondomu mliitumia kujikinga na maradhi, hakuna kidonge cha kuzuia mimba kinachoshika nafasi yake. Virusi vya UKIMWI, kaswende na kisonono havizuiwi na vidonge wala sindano za kuzuia mimba. Mwenye shaka na hali ya mwenzake aendelee na kondomu hata akianza vidonge. Yanayofuata ni kwa wale waliokwisha kupima wote wawili, na wanachokiogopa ni mimba tu.

Kinachonunuliwa haraka kuliko vyote ni P2, na ndicho kinachonitia wasiwasi. Hiki ni kidonge cha dharura, cha kumeza baada ya tendo lililofanyika bila kinga. Dawa iliyomo, levonogestreli, huchelewesha yai kutoka. Yai likishatoka, haina la kufanya. Ndiyo maana nasema meza mapema uwezavyo, usingoje mpaka masaa 72 tangu tendo yakaribie kwisha. Pakiti ya vidonge viwili unaweza kuvimeza vyote kwa pamoja. Ukitapika kabla ya masaa mawili kupita, rudia dozi. Haiharibu mimba iliyokwisha kuingia, na wanaoogopa kwamba itawafunga kizazi nawaambia wasiwe na hofu hiyo. Lakini anayeimeza kila wiki amechagua njia dhaifu kuliko vidonge vya kila siku, na hedhi yake itavurugika hata asijue kama kachelewa au kashika mimba.

Wapo wenye sababu inayoeleweka. Mume yuko dago, yaani kambi ya wavuvi, au anafanya kazi Bara, anarudi kwa siku chache kisha anaondoka. Mke anaona kumeza kidonge kila siku ni kazi bure, akirudi bwana atanunua P2. Dada yangu, hesabu yako ni nyepesi kuliko unavyodhani: anza vidonge vya kila siku angalau wiki moja kabla hajafika, kisha usivikate akiondoka. Siku utakayopigiwa simu kwamba yuko bandarini utakuwa umeshajikinga.

Vidonge vya majira vya kila siku viko vya aina mbili, na hapa ndipo napenda mteja asiwe na haraka. Aina ya kwanza ina homoni mbili, kama Microgynon na Familia. Nikiifungua pakiti huigeuza nimwonyeshe mteja: hivi 21 ndivyo vyenye dawa, hivi saba vya rangi nyingine ni vya madini ya chuma, na ukiwa kwenye hivi saba ndipo unapopata hedhi. Ukianza ndani ya siku tano za mwanzo za hedhi, umekingwa papo hapo. Ukianza siku nyingine yoyote, tumia kondomu au jizuie kwa siku saba. Ukisahau kimoja, kimeze unapokumbuka. Ukisahau viwili au zaidi vyenye dawa, rudi kwenye zile siku saba za tahadhari.

Aina hii siiuzi mpaka nipime presha, hata mteja akiwa na haraka ya daladala. Ikifika 140 kwa 90, simpi. Simpi pia aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, wala anayenyonyesha mtoto ambaye hajafika miezi sita.

Aina ya pili ina homoni moja tu, kama Microlut. Hii humfaa mama anayenyonyesha, na wengi wa wale niliowanyima ile ya kwanza kwa ajili ya presha. (Mwenye historia ya saratani ya matiti haimfai hii pia.) Marekani waliidhinisha ndugu yake, Opill, mwaka 2023 iuzwe bila karatasi ya daktari, na tangu habari hiyo ienee kwenye simu kuna wanaoniulizia kwa jina. Hakuna haja ya kuiagiza ng'ambo, ya jamii hiyo tunayo. Tatizo lake ni saa. Ukichelewa zaidi ya masaa matatu, kinga imelegea: meza mara moja, na jihadhari kwa siku mbili.

Sasa Ramadhani. Mwenye mazoea ya kumeza saa nne asubuhi atafanyaje? Akisogeza mbele hadi futari, saa moja usiku, amechelewa masaa tisa. Akirudisha nyuma hadi daku, hajachelewa kitu, na hiyo ndiyo njia salama. Anayependelea futari, siku ya mwisho ya Shaabani ameze cha asubuhi kama kawaida, na usiku huohuo ameze cha kesho yake.

Na katika mwezi huohuo, na wakati wa Hija, huja wanaotaka Primolut N ya kuzuia hedhi ili wakamilishe ibada. Wengine hudhani kwa kuwa haitoki damu basi hata mimba haiingii. Hapana! Dawa hiyo kwa matumizi hayo haihesabiwi kuwa kinga ya mimba.

Niulizeni pia kuhusu dawa nyingine mnazomeza. Rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa na efavirenzi hupunguza nguvu ya homoni hizi, pamoja na P2. Amoksilini haina shida hiyo.

Vidonge vya povu vya kuweka ukeni siviweki dukani. Kwa matumizi ya kawaida, kati ya wanawake 100 wanaovitegemea, kama 21 hushika mimba ndani ya mwaka, na vikitumiwa mara kwa mara huchubua. Azl, yaani mume kumwaga nje, nayo haiko mbali na hapo, kama 20. Anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine, mtoto hajafika miezi sita, na hedhi haijarudi, ana kinga nzuri bila kununua chochote kwangu, ila moja katika hayo matatu likikosekana, asiitegemee tena.

Zilizo imara kuliko zote sina: kijiti cha miaka mitatu au mitano, na kitanzi cha shaba cha miaka kumi na zaidi. Hizo nenda kituo cha afya. Anayesahau vidonge kila mwezi namwelekeza huko, ingawa nakosa mauzo.

Ukija dukani, njoo na majina ya dawa zako zote, na tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Na kama kuna watu kaunta, andika kwenye simu yako unionyeshe. Nitakujibu kwa maandishi.