Kasi ya uhakika na kasi ya ziada kwenye MikroTik: piga hesabu kwanza

Mteja aliyelipia Mbps 10 za uhakika hazipati kwa sababu tu umeandika `limit-at=10M` (kasi ya uhakika) kwenye foleni yake, yaani mpangilio unaodhibiti kasi yake ndani ya ruta ya MikroTik. Anazipata pale jumla ya ahadi ulizotoa kwa wateja wote inapotoshea kwenye laini. Ukiahidi kupita kiasi ruta haikukatalii. Inapokea amri na kunyamaza.

Tuchukue laini ya Mbps 100. Foleni mama, ile inayobeba foleni za wateja wote, ipe `max-limit` (kikomo cha juu) ya 95M, yaani Mbps 95. Zile 5 unaziacha makusudi: pakiti (vipande vya data) zikirundikana, zirundikane kwako, unakoweza kuamua ipi itangulie, si kwenye kifaa cha anayekuuzia laini, ambaye hawajui wateja wako. Chini ya mama weka ofisi 5, kila moja `limit-at` 10M na `max-limit` 20M, na nyumba 30 zenye 1M na 5M. Ahadi zimefika 80M. Zilizobaki, 15M, ni za kugombewa, na `priority` inaamua nani azipate kwanza: 1 ndiyo ya juu, 8 ya chini. Haimpunguzii mtu `limit-at` yake, na ukiiweka kwenye foleni mama haifanyi lolote.

Sasa ongeza ofisi 3. Ahadi ni 110M. Hapa wengi hudhani 95M ya mama itazuia, lakini haizuii: ruta hutimiza kwanza `limit-at` za watoto, hata kama mama atapita kikomo chake. Msongamano unahamia nje ya ruta yako, na saa za jioni wanalalamika wote, aliyelipia uhakika na asiyelipia.

Foleni ya nyumba moja huandikwa hivi (namba ya kwanza ni ya kupakia, ya pili ya kupakua):

`/queue simple add name=nyumba-07 parent=mama target=10.10.1.7/32 limit-at=1M/1M max-limit=5M/5M burst-limit=10M/10M burst-threshold=4M/4M burst-time=20s/20s`

Sehemu ya burst, yaani kasi ya ziada ya muda mfupi, ndiyo inayochanganya watu. `burst-time` ya sekunde 20 haimaanishi mteja atakimbia kwa 10M sekunde 20. Huo ni urefu wa kipindi ambacho ruta inakitumia kukokotoa wastani wa matumizi yake. Wastani ukiwa chini ya `burst-threshold` (kizingiti), anaruhusiwa 10M; ukiifikia, anarudishwa 5M. Aliyekuwa ametulia kabisa anapata 4 × 20 ÷ 10, yaani sekunde 8. Kwa 10M hizo ni kama MB 10, zinatosha kufungua kurasa na picha upesi. Anayepakua filamu atabaki kwenye 5M, kwa kuwa wastani wake haushuki tena chini ya 4M.

Ndiyo maana `burst-threshold` lazima iwe chini ya `max-limit`. Iweke 6M na mteja akipakua mfululizo kwa 5M atashuka chini ya kizingiti, atapandishwa, atashushwa tena. Grafu yake inakuwa mawimbi, na kifurushi ulichouza kama 5M kinakula karibu 6M. Na kasi hii ya ziada haina uhakika wowote: laini ikijaa, haipo. Usiiandike kwenye mkataba, na usimwonyeshe mteja kipimo cha sekunde chache ukadai ndiyo kasi yake.

Ukikuta foleni zote ziko sawa lakini mteja anavuta laini nzima, tazama `/ip firewall filter`. Kanuni ya fasttrack (njia ya mkato) huzipitisha pakiti bila kugusa simple queue, yaani foleni hizi ulizoweka. Dalili yake ni hesabu za foleni kutosogea wakati mteja anapakua. Izime, kisha angalia mzigo wa CPU, maana utapanda.

Kama laini inakufikia kwa redio, 95M hiyo ni ya siku nzuri. Ishara ikidhoofika, redio inashusha kasi yake yenyewe bila ruta kujua, na mama anaendelea kugawa 95M wakati zinazopita ni 60M. Kwa laini ya namna hiyo, jumla ya `limit-at` ipime kwa siku mbaya: kama ni 60M, ahadi zisizidi 55M, na kwa nyumba zile 30, ofisi ya tatu isubiri.