Kukeneka maji ya bahari kwa jua: maana yake, na hutoa maji kiasi gani

Kukeneka maji ya bahari kwa jua ni kuyatenga maji na chumvi yake kwa kutumia joto la jua peke yake. Maji yanapata moto na kutoa mvuke, mvuke unagusa kitu kilichopoa kuliko wenyewe, unarudi kuwa maji, na maji hayo yanakingwa mahali ambapo yale ya chumvi hayafiki. Chumvi haipandi na mvuke. Kila aliyefunua sufuria inayochemka akakuta matone upande wa ndani wa mfuniko ameshaliona jambo lenyewe. Mtambo wa jua ni sufuria hiyo iliyofunikwa kwa kitu kinachopitisha mwanga, kisha ikawekewa njia ya kuyatoa matone nje.

Maji ya bahari kuu yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Anayekunywa lita moja ya maji ya bahari hulazimika kutoa takriban lita moja na nusu ya mkojo ili chumvi ile itoke mwilini, na nusu lita inayozidi inachotwa katika mwili wake mwenyewe. Kila akinywa, anazidi kukauka. Kuyachemsha hakusaidii. Moto unaua vijidudu, lakini chumvi inabaki pale pale, na kwa kuwa maji yamepungua, inazidi kuwa kali. Kinachotakiwa ni ule mvuke unaopotea hewani.

Sasa tuje kwenye hesabu ya joto, ambayo maelezo mengi ya mitambo hii huipita haraka mno. Kuipandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi joto 30 hadi 100 kunahitaji takriban megajuli 0.3 (megajuli ni kipimo cha nishati, ikiwemo joto). Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.3 zaidi, karibu mara nane. Maji hayahitaji kuchemka ili yatoe mvuke, na mtambo wa jua wala haufiki kuchemka. Hata hivyo gharama ya joto haipungui kwa sababu hiyo: kila lita unayoipata imekula kama megajuli 2.5.

Tazama basi jua linaleta kiasi gani. Siku yenye anga safi katika ukanda wa tropiki, mita moja ya mraba iliyolala wazi hupokea takriban megajuli 20 tangu asubuhi hadi jioni. Ukigawanya unapata lita nane, na hapo umedhani kwamba hakuna joto hata kidogo lililopotea. Linapotea, tena jingi: mwanga mwingine unarudishwa na kifuniko, joto jingine linapita chini ya beseni, jingine linachukuliwa na upepo, na mvuke wenyewe unatoroka kwenye kila mwanya. Mtambo wa kawaida uliotengenezwa vizuri hutumia thuluthi moja ya joto lile, au zaidi kidogo. Kwa hiyo tarajia lita mbili na nusu hadi tatu kwa mita ya mraba kwa siku. Beseni la nusu mita kwa nusu mita ni robo ya mita ya mraba, na siku nzima ya jua tele litakupa robo tatu ya lita ukibahatika. Mawingu yakitanda, hata hizo hupati.

Nayasisitiza haya kwa sababu maisha ya mtu yanaweza kutegemea matarajio yake. Ukiona mahali pameelezwa kibakuli kilichofunikwa nailoni kama jibu la kiu ya watu wanne baharini, fanya hesabu hii kabla ya kuamini. Maji yanatokana na ukubwa wa eneo linaloota jua. Ufundi mzuri unazuia hasara, lakini hauongezi jua.

Kwa upande mwingine, mtambo wenye eneo la kutosha hufanya kazi kubwa. Mwaka 1872, huko Las Salinas kaskazini mwa Chile, mhandisi Charles Wilson alijenga mitambo ya mbao na vioo yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 4,000, ikatoa zaidi ya lita 20,000 za maji matamu kwa siku kutokana na maji ya chumvi ya jangwani, na iliendelea kutumika kwa miongo kadhaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Maria Telkes, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, alibuni mtambo wa kuelea kwa ajili ya wanajeshi waliokwama kwenye vyelezo: puto la plastiki angavu lenye kitambaa cheusi ndani, linalofungwa ubavuni mwa chelezo na kutoa takriban lita moja siku ya jua. Na mwaka 1982 Steven Callahan, baada ya mashua yake kuzama Atlantiki, alikaa siku 76 kwenye chelezo akitegemea mitambo ya aina hiyo. Mwanzoni ilimpa maji yenye chumvi, akahangaika nayo mpaka ikakubali. Ilipokubali ilimpa kama nusu lita kwa siku. Nusu lita haimtoshi mtu kuishi vizuri kwenye joto, lakini ilimweka hai.

Adui mkubwa wa maji matamu baharini ni mawimbi. Mtambo unaojulikana zaidi, wa beseni lenye kikombe katikati na nailoni juu iliyotiwa kijiwe ili idondoshee kikombeni, unafaa nchi kavu tu. Chombo kikiyumba, maji ya beseni yanaruka na kuingia kikombeni, na vijiko vichache vya bahari vinatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Baharini usiache maji yakae wazi beseni zima. Yabebeshe kitambaa.

Mtambo wa kitambaa hutengenezwa hivi. Chukua sanduku jepesi lenye kina kama cha kiganja, la mbao au plastiki ngumu. Tandika sponji nene au povu chini ili joto lisipite, kisha juu yake weka ubao uliolazwa kwa mteremko. Funika ubao kwa plastiki nyeusi, na juu ya plastiki tandaza kitambaa cheusi kinachofyonza maji, kama taulo la pamba. Ncha ya juu ya kitambaa iingie kwenye mfereji mdogo wenye maji ya bahari, au idondoshewe maji polepole kutoka kwenye dumu kwa mpira mwembamba. Maji yanashuka ndani ya kitambaa yakipata moto, sehemu yanatoa mvuke, na yanayobaki, yenye chumvi kali zaidi, yanatoka chini kwa mpira wake na kurudi baharini. Yaache yatoke. Ukijaribu kuyabana ili usipoteze kitu, chumvi itaganda kwenye kitambaa, kitambaa kitakuwa cheupe na kigumu, na mtambo utapoa. Kwa kila lita unayotaka kunywa, pitisha lita mbili au zaidi za bahari.

Juu ya sanduku weka kifuniko angavu, nacho kikiwa na mteremko. Kioo ndicho bora kwa maji, maana matone yake hutandaa na kuteleza vizuri, lakini kioo kinachovunjika chomboni ni hatari kwa miguu na kwa vyelezo, kwa hiyo wengi hutumia akriliki (plastiki ngumu inayoangaza kama kioo) au karatasi ya plastiki. Plastiki ina tatizo lake: maji hayatandai juu yake. Yanajikusanya kuwa matone ya mviringo yanayorudisha mwanga nje na kudondokea tena kwenye kitambaa kabla ya kufika chini. Isugue upande wa ndani kwa msasa laini sana hadi ipoteze ule utelezi, uioshe, na uongeze mteremko. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Chini ya ukingo wa kifuniko weka mfereji wa kupokea maji matamu, ulioinuka mbali na ule wa chumvi, na mpira wake uishie ndani ya chupa iliyozibwa mdomo. Kisha ziba kila mwanya wa sanduku. Mvuke ukiuona nje, hayo ni maji ya kunywa yanayoondoka.

Upepo unaopuliza juu ya kifuniko una faida na hasara. Unakipoza, na kifuniko kilichopoa hugeuza mvuke haraka, lakini pia unachukua joto la mtambo mzima. Kwa maoni yangu ni bora kuzuia upepo chini na ubavuni na kuuacha juu tu.

Kuhusu usalama wa maji yenyewe, kukeneka kunaacha nyuma chumvi, mchanga na karibu kila kijidudu. Hakuachi nyuma vitu vinavyopanda na mvuke. Petroli, mafuta mepesi na viyeyusho vya rangi vinaweza kuvuka pamoja na maji na kuingia chupani, kwa hiyo usichote bandarini wala mahali penye utando wa mafuta, na usipake rangi ndani ya sanduku juzi ukatumia leo. Gundi ya silikoni iache ikauke kabisa. Taulo jipya lifue mara kadhaa hadi lisitoe rangi. Maji ya siku ya kwanza, hata ya pili kama yananuka plastiki, yamwage au yatumie kuoshea chupa. Baada ya hapo onja kila chupa kabla ya kuimimina kwenye akiba kubwa, maana chupa moja iliyoingia chumvi ikichanganywa na zilizo safi itaziharibu zote. Ladha yake itakuwa chapwa kwa kukosa madini na hewa. Yatikise kidogo. Kwa anayekula chakula cha kawaida, kuyanywa kwa muda wa safari hakuna madhara. Maji haya yanafaa hata kwa kuongezea betri za chombo zile za kujazwa maji.

Mtambo huu una washindani. Pampu ya mkono inayosukuma maji ya bahari kupita kwenye utando maalumu unaozuia chumvi hutoa kiasi cha karibu lita moja kwa saa, usiku na mchana, kwa gharama ya jasho la mpampu na bei kubwa ya kifaa. Kanuni za vifaa vya uokoaji chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka chelezo kiwe na lita 1.5 za maji matamu kwa kila mtu. Zinaruhusu nusu lita tu ya hizo ibadilishwe na kifaa cha kuondoa chumvi kinachoweza kutoa kiasi hicho kwa siku 2, au lita moja ikiwa kifaa ni pampu ya aina hiyo. Waliotunga kanuni hizo hawakuruhusu kifaa chochote kichukue nafasi ya akiba yote, nami nakubaliana nao. Ondoka na maji ya kutosha, na mtambo wa jua uwe wa kuyaongezea.

Mshindani wa pili ni mvua, nayo inashinda vibaya. Milimita 10 za mvua kwenye turubai la mita ya mraba moja ni lita 10, kazi ya siku tatu au nne za jua zuri. Kwa hiyo anayetengeneza mtambo wa kwenda nao baharini autengeneze kifuniko chake kiweze kufunguliwa upesi na kugeuzwa kuwa chombo cha kukingia maji ya mvua, matone ya kwanza yakiachwa yaoshe chumvi iliyorukia juu yake kabla mpira haujaingizwa chupani.